Muulize Fundi: Nguo Ikukae Kwanza, Bei Baadaye

Shikamoo Bi Fundi. Nimepata kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja pale Posta, naanza tarehe moja. Nina suruali moja nyeusi ya kitambaa na mashati mawili, moja kola imelika. Nimebakiwa na elfu hamsini na sitaki kukopa. Nitakaa pale mlangoni ambapo kila mgeni ananiona mimi kwanza. Nianzie wapi?
Kijana wa Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Umesema hutaki kukopa. Shikilia hapo hapo.

Elfu hamsini yako usiingie nayo yote sokoni. Kabla hujashika shati lolote, weka pembeni hela ya fundi cherehani na hela ya fundi viatu. Ukifika Karume na noti zote mfukoni utarudi na nguo saba, na katika hizo saba ya kuvaa Jumatatu hutaiona. Nimeshona Temeke muda mrefu, na wateja wengi walioniletea nguo za bei mbaya walikuja kwa sababu nguo zile hazikuwakaa. Shati la mtumba lililopunguzwa kiuno likakuishia vizuri kwenye bega, hakuna mgeni atakayekuuliza umelitoa wapi.

Anza na ulivyonavyo. Lile shati la kola iliyolika lipeleke kwa fundi umwambie afumue kola, aigeuze, aishone tena. Upande wa chini wa kola huwa mzima kabisa kwa sababu haujawahi kusuguana na shingo. Ni kazi ndogo, na fundi wa zamani hatashangaa ukimwomba. Vijana wengine watakuambia haiwezekani. Wewe tafuta mzee. Hapo umeshapata shati la pili bila kununua.

Sasa twende sokoni. Unatafuta mashati mawili na suruali moja, basi. Nenda asubuhi wanapofungua belo. Jioni bei hushuka, ni kweli, lakini jioni nzuri zimeshachukuliwa, na wewe huna nafasi ya kununua mbaya kwa sababu ni rahisi. Usichague chini ya turubai la bluu au la kijani, maana turubai hubadilisha rangi ya kila kitu. Toka nalo shati juani.

Angalia bega kwanza. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukidondoka kuelekea mkononi, lirudishe, hata kama kitambaa ni kizuri namna gani. Kiuno fundi anapunguza, mikono anafupisha, ubavu anauingiza ndani, lakini bega ni kufumua nusu ya shati na gharama yake itazidi shati lenyewe. Kisha funga kifungo cha juu: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Halafu ligeuze ndani nje uangalie kwapani. Kama kuna ukoko wa manjano au pamekakamaa, achana nalo. Linuse hapo hapo bila aibu. Harufu ya stoo inatoka kwa kuloweka na jua. Harufu ya kwapa kwenye kitambaa cha poliesta ni habari nyingine: poliesta hushika mafuta ya mwili, na siku utakapopiga pasi harufu itaamka upya. Mwisho liinue kwenye mwanga uone kama limekuwa jembamba mgongoni au lina vitundu.

Lebo ikiwa imekatwa na huna hakika na kitambaa, kuna njia ya mafundi. Ukishalinunua moja, vuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome kwa kiberiti, mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa inakuwa kipunje kigumu. Kwa joto la Dar chagua pamba, au mchanganyiko ambao pamba ni nyingi. Mchanganyiko una faida moja, haukunjamani sana kwenye daladala.

Suruali: linganisha rangi ya nje na rangi ya ndani ya mfuko. Zikipishana sana, imepauka, na ukiivaa mchana itajulikana. Tazama mapajani kwa ndani, hapo ndipo suruali huanza kuisha. Pandisha na ushushe zipu mara kadhaa. Suruali nyingi za kiume za kitambaa zina akiba kwenye mshono wa nyuma, katikati ya makalio, ukiigeuza utaiona. Akiba hiyo ndiyo inayomruhusu fundi kupunguza au hata kuongeza kiuno, kwa hiyo ukiona ipo, usiogope kiuno kilichopishana nawe kidogo. Chukua bluu nzito au kijivu, kwa kuwa nyeusi unayo tayari. Mashati, moja jeupe na jingine bluu ya mpauko. Mistari na maua subiri mshahara wa pili, kwa sababu shati la maua watu hulikumbuka, na ukilivaa mara mbili kwa wiki wataona.

Ukienda kwa fundi vaa viatu utakavyovaa kazini, ndipo apime pindo la suruali. Kijana akija kwangu na kandambili kupimiwa suruali ya ofisi namrudisha nyumbani.

Viatu sasa, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mapokezi unakaa, unasimama, unamsindikiza mgeni, viatu vinaonekana. Kama una kiatu cha ngozi kilichochoka, fundi viatu akibadilishe kisigino, ashone pembeni, na wewe uzibadilishe kamba. Kamba mpya zinakifufua kiatu na bei yake ni ndogo mno. Kabla ya kupaka kiwi futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na uache kikauke, maana kiwi juu ya vumbi ni tope tu. Kikilowa mvua kijaze magazeti ukiweke kivulini. Ukikianika juani au karibu na jiko ngozi itakauka ipasuke.

Nguo za ndani, soksi na singlendi nunua mpya, hata kama itabidi shati moja lingoje. TBS, shirika la viwango la nchi, imekataza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, ingawa bado utaziona zimetandazwa. Singlendi nyeupe mbili zitakulindia mashati yako na jasho zikayaongezea umri.

Kila mtumba ulionunua uloweke kwa sabuni usiku, ufue, uanike juani, upige pasi pande zote mbili. Pasi usiiruke. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu. Joto la pasi linaua mayai yale.


Bi Fundi, mimi ni mwalimu hapa Singida. Blauzi zangu nyeupe zinageuka kijivu mwili mzima na manjano kwapani na shingoni. Nikitia jiki ndiyo zinazidi. Nimeshatupa tatu na mshahara wenyewe unaujua.
Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mwalimu, pole. Usitupe ya nne. Una matatizo mawili tofauti na umekuwa ukiyatibu kwa dawa moja.

Kijivu kinatoka kwenye maji yako. Maji ya visima vya kati, Singida na Dodoma, mengi ni ya chumvi na magumu. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo inaganda, povu halitoki, na ule utando unaokaa pembeni ya beseni ndio huo huo unaokaa kwenye blauzi. Kila ukifua unaongeza tabaka. Kwa nguo nyeupe tumia sabuni ya unga, na suuza hadi maji yawe meupe. Mvua ikinyesha kinga ndoo moja uiweke kwa ajili ya kusuuzia nyeupe tu. Katika maji ya mwisho tia siki kijiko kikubwa kimoja kwa beseni, itaondoa ule utando. Ukipenda, siku nyingine maliza na bluu ya kufulia kidogo sana, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe. Ukiidondosha moja kwa moja itaacha madoa.

Manjano ya kwapani yanatokana na jasho kuchanganyika na dawa ya kuzuia jasho, zile zenye chumvi za alumini. Jiki haiyaondoi, inayakoleza. Paka maji ya limau au siki pale penye doa, iache kama nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, kisha fua na uanike juani doa likiwa limetazama jua. Doa la muda mrefu litahitaji kurudiwa. Shingoni ni mafuta ya mwili, hapo shampuu ya nywele inafanya kazi kuliko sabuni. Paka kabla ya kufua, acha kidogo, sugua.

Na hili nakusihi kama mtu anayeogopa kwa niaba yako: siki au limau visikutane na jiki kamwe, katika beseni moja wala siku moja kwenye nguo ambayo haijasuuzwa. Hewa inayotoka pale ni sumu na inaumiza mapafu. Nyumba zetu za chumba kimoja hazina pa kukimbilia.

Asubuhi ukipaka dawa ya kwapa subiri ikauke ndipo uvae blauzi. Wengi wanavaa juu ya unyevu. Hata wanaotumia jiwe la shabu, ambalo nalipenda kwa kuwa kipande kimoja kinakaa miezi, wapake ngozi ikiwa imeoshwa na wangoje ikauke.


Bi Fundi, mwezi huu nina kichen pati ya binti wa jirani, sendofu ya mtoto wa dada yangu na harusi ya mtu wa kikoba chetu. Kila moja ina sare na mchango. Kuna mama anakopesha kausha damu, nikichukua nitarudisha kila siku kutoka kwenye genge. Nisipovaa sare wataona nimejitenga. Unanishauri nini?
Mama wa Genge, Tandika

Mdogo wangu, usikope. Nakwambia hivyo nikiwa nimekaa na mkasi mkononi na wanawake wananilipia sare kwa hela hizo hizo. Nimewaona wakija kuchukua gauni wakiwa wameshauza friji. Marejesho ya kila siku hayajui kama leo mvua imenyesha na nyanya zimeoza. Genge likikauka, hao uliopiga nao picha hawatakuja kulijaza.

Chagua sherehe moja ya kuvaa sare, na kwa maneno yako ni ya mtoto wa dada yako, kwa sababu pale wewe ni mama mdogo na huwezi kukaa nyuma. Hizo mbili mpigie simu mwenyekiti wa kamati mapema, kabla vitambaa havijanunuliwa, umwambie utatoa mchango mdogo na utakuja na nguo yako. Wakati ndio unaofanya maneno hayo yapokelewe. Ukisema wiki mbili kabla unaeleweka. Ukisema siku vitambaa vimeshakatwa umewaachia deni. Uliza rangi ya sare, kisha funga kilemba cha rangi hiyo juu ya gauni lako la kitenge. Utakaa katikati yao bila kuonekana mgeni.

Sasa hiyo sare moja tuikate kwa akili. Wengi wanashona gauni refu la kubana lenye nyavu na mawe, linavaliwa kwa muda wa saa nne, halafu linalala sandukuni mpaka mwili ubadilike. Mwambie fundi akushonee blauzi na sketi, vipande viwili. Siku ya sendofu vikikaa pamoja hakuna atakayejua si gauni. Baadaye sketi itavaliwa na fulana nyeusi, blauzi itavaliwa na sketi nyeusi kanisani au kwenye kikao. Akuachie akiba ya inchi moja kila ubavu, asiikate. Mafundi wengi wanaikata kwa sababu mshono mwembamba unaonekana msafi ndani, kwa hiyo mwambie kabla hajaweka mkasi. Akiba hiyo ndiyo nguo yako ya mwaka kesho.

Kitenge kabla ya kukinunua kigeuze. Rangi zikiwa sawa pande zote mbili, imeingia ndani ya uzi. Upande wa pili ukiwa mweupe mweupe, imechapwa juu tu na itaondoka haraka. Ukifika nyumbani kiloweke maji ya baridi na ukianike kabla ya kukipeleka kwa fundi, kikitaka kusinyaa kisinyae kikiwa bado kitambaa. Nimeshuhudia sketi nyingi zikipanda juu ya goti baada ya kufuliwa mara ya kwanza kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Wale mtakaoshona mshono mmoja nendeni pamoja kwa fundi mmoja. Mkiwa watano mna nguvu ya kuomba punguzo, na yeye anakata mara moja. Mabaki yaombe. Ni ya kwako, uliyalipia, na yanatosha kilemba au mkoba wa mkononi. Msiende wiki ya Idi wala ya Krismasi, mtalala pale.

Kwenye hizo sherehe mbili nyingine, kama nyumbani una doti ya khanga ambayo haijapauka, nipe nikushonee. Khanga ya pamba iliyopigwa pasi vizuri inapendeza popote. Ninalolikataa ni fundi kukata jina la khanga likaangukia kwapani au likakatika katikati. Jina likae chini kwenye pindo la sketi, lisomeke lote, na kabla ya kuvaa lisome wewe mwenyewe: kuna majina ambayo ukiingia nayo kwa mama wa bwana harusi umeanzisha ugomvi.


Dada Fundi, nina sendofu mwezi ujao hapa Mwanza. Rafiki zangu wanasema nipake mkorogo wiki tatu uso ung'ae kwenye picha, saluni ni ghali. Ni salama?
Bibi Harusi Mtarajiwa

Hapana mama, si salama hata kwa wiki tatu. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na mkorogo wa kuchanganyiwa kwenye kopo hujui ndani mna nini. Zebaki inapita kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Ukishaanza kubabuka, jua la Mwanza litakumalizia.

Ngozi inayong'aa kwenye picha ni ngozi isiyo kavu. Ukitoka kuoga usijifute hadi ukauke. Mwili ukiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi kiasi kidogo, ndipo yanafungia maji ndani. Tembea na mwavuli mwezi huu wote. Ukiwa na shangazi wa pwani mwombe akusagie liwa kwenye jiwe kwa marashi ya mawaridi, upake jioni na kuosha, lakini jaribu kwanza mkononi kwa siku mbili uone kama ngozi inalipokea. Nywele suka mtindo wa twende kilioni siku tatu kabla, zisiwe mpya kiasi cha kubana ngozi ya uso. Zikibana hadi paji linauma zifumue, nywele za pembeni zikishang'oka hurudi kwa taabu.


Shikamoo mama. Naendesha bodaboda Morogoro, jioni nasoma kozi ya hesabu. Nikifika darasani nanuka vumbi na moshi, na kidevu kimejaa vipele kila nikinyoa. Nifanyeje bila gharama?
Dereva

Marahaba baba. Vipele vinatokana na nywele zetu zenyewe: ni za kujikunja, ukizikata chini sana ncha inarudi kuchoma ngozi. Mwambie kinyozi akunyoe kwa mashine aache vijinywele vifupi, asirudie mara tatu kwa wembe, afuate zinakoelekea, na asivute ngozi. Aisafishe mashine kwa spiriti ukiwa unaona. Nenda na taulo lako. Vipele vilivyopo usivitumbue, vipumzishe wiki moja au mbili bila kunyoa kabisa.

Kuhusu vumbi, shati la darasani lisipande pikipiki. Likunje kwa kulizungusha, si kwa kulikunja pembe, liweke kwenye mfuko safi pamoja na kitambaa cha mkono na kipande cha sabuni. Fika robo saa mapema, nawa uso, shingo, mikono hadi kwenye kiwiko, na kwapa, kisha vaa. Koti la kazi lifue kila Jumapili na kila usiku ulitundike nje ya chumba unacholala, maana harufu yake inahamia kwenye nguo zote. Ndani ya helmeti kuna kitambaa. Kama kinatoka kifue, kama hakitoki kisugue kwa maji ya sabuni na uiache juani ikiwa imepinduliwa. Wewe vaa kofia nyembamba ya pamba ndani yake, mbili za kubadilisha.


Bi Fundi, baba yangu ameniachia kofia ya mkono aliyovaa miaka yote hapa Tanga. Imechafuka na imelegea. Nataka kuivaa Idi. Niifueje?
Kijana wa Ngamiani

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Usiipe mashine wala jiki, kitambaa kile kimetobolewa na kushonwa kwa mkono tundu kwa tundu. Iloweke maji ya vuguvugu na sabuni ya unga usiku kucha, asubuhi uisugue taratibu kwa mswaki laini ukifuata kazi ya uzi, usiikamue kwa kuipinda, ibane kati ya taulo. Pika wanga mwepesi wa unga wa muhogo, uuchuje, uitumbukize kofia ikiwa bado na unyevu. Kisha ivike kwenye kopo au bakuli lenye mzunguko sawa na kichwa chako, inyooshe kwa vidole mpaka juu pakae sawa, uiache ikauke hapo hapo. Kama uzi umekatika mahali, usishone mwenyewe. Ulizia Ngamiani, hawakosekani wanawake wanaoshona kofia, na tundu moja watakuzibia kwa bei ya chai. Ifanye wiki moja kabla ya Idi, na kanzu uifukize udi kwenye chetezo usiku wa kuamkia, ikiwa imekauka kabisa.